Baba Mkwe Kaja Kulea Mzazi

Candida alirudi nyumbani kutoka hospitali amejishika tumbo. Lifti ya jengo lao ilikuwa imejazwa marobota ya nguo, kama ilivyo kawaida ya majengo ya Kariakoo, mali ipande lifti na watu wapande ngazi. Akapanda taratibu mpaka ghorofa ya nne, mshono wa upasuaji ukimvuta, huku mumewe Gaudens akitangulia na mtoto na begi, simu ameibana kwa bega, akimhakikishia mteja wa Tabora kwamba chupa za chai zipo na asiwe na wasiwasi. Candida alichokuwa anakitaka ni kitu kimoja tu. Mlango ufunguke, amkute mama mkwe wake, Bibi Victoria, kajifunga kitenge kiunoni, maji ya moto tayari, ampokee mtoto na kumwambia nenda kalale, mwanangu.

Mlango ulifunguliwa na baba mkwe.

Mzee Tarsis alikuwa amevaa koti lake la kanisani, na joto la Dar lilikuwa limeshamlowesha shingo yote. Nyuma yake sebuleni kulikuwa na viroba vya ndizi, dumu la maziwa mgando na jiko la mkaa jipya ambalo halikuwa la nyumba ile.

"Shikamoo baba," Candida alisema, macho yakimtafuta mama nyuma ya mgongo wa mzee.

"Marahaba, mama. Pole sana. Mama yenu hakuweza. Nimekuja mimi."

Ilikuwa hivi, na Candida wodini hakuwa ameambiwa. Bibi Victoria aliteleza shambani kwao Rombo safari ikiwa imeshapangwa, mguu ukavunjika, akafungwa hogo la plasta mpaka juu ya goti. Ukoo ukaanza kupigiana simu nani aende Dar badala yake. Jacqueline, wifi mkubwa, alikuwa na mgonjwa wake hospitali, na wifi mdogo alikuwa na mimba yake mwenyewe. Mama mzazi wa Candida alishafariki, Candida akiwa bado sekondari, na kwao alizaliwa peke yake. Wakati wengine bado wanajadiliana, Mzee Tarsis aliingia shambani akakata ndizi, akafunga viroba na kupanda basi. Hakumuuliza mtu. Alisema kama mzazi amekosa mtu wa kumlea, basi mtu ni yeye, maana kupika mtori wa ndizi na nyama anajua.

Candida alikaa kwenye kochi akatamani kulia. Hakuwa na ugomvi na mzee. Alimheshimu sana, na tatizo lilikuwa hapohapo. Mbele ya baba mkwe, mwanamke aliyelelewa kama yeye hakai ovyo, hajinyooshi, hata sauti ya kucheka anaipunguza. Sasa atoe titi? Nyumba yenyewe ilikuwa chumba na sebule, na katikati pazia, kwa sababu ukifunga mlango chumba kinageuka tanuri.

Alimtazama Gaudens ili aone kama ameelewa. Gaudens alimlaza mtoto kitandani, akasema si unaona baba mwenyewe amejitolea, akambusu mkewe kipajini, akashuka zake dukani. Ilikuwa Desemba. Gaudens aliuza vyombo vya ndani kwa jumla mtaa wa pili, masufuria, sahani na chupa za chai, na wateja wa mikoani walikuwa wamefurika. Alikuwa akitoka asubuhi na mapema na kurudi amechoka hoi, anakula, anamchungulia mtoto, anasema amefanana na mama, analala.

Basi maisha yakawa ya nyuma ya pazia. Upande mmoja Candida na mtoto, aliyepewa jina la bibi yake, Victoria. Upande wa pili Mzee Tarsis na redio. Asubuhi mzee alikohoa mara kadhaa, akabisha hodi kwa pazia kana kwamba ni mlango wa chuma, kisha bakuli la mtori likaingia likisukumwa kwa chini na mkono mmoja, mwenye mkono haonekani. Mtori ulikuwa mtamu, Candida hakuweza kukataa hilo. Lakini mchana bakuli liliingia tena, na jioni tena, na kila lilipotoka likiwa na kitu ndani mzee aliuliza kama kuna tatizo na nyama.

Simu ya Rombo nayo ilikuwa shughuli ya peke yake. Bibi Victoria, aliyelazwa na mguu wake huko, alitaka kuendesha ulezi kwa mbali. Kiswahili alikijua vizuri, lakini mambo ya uzazi akishayaanza ulimi ulirudi kwenye Kirombo, na Candida, mtoto wa Magomeni japo asili yake ni Kibosho, hakuambulia kitu. Kwa hiyo ilibidi Mzee Tarsis asimame sebuleni na simu imewekwa spika, mke wake akimtupia maswali ambayo ukoo mzima haujawahi kumsikia mwanamume akiyasema.

"Mama anauliza," mzee alisema siku ya kwanza, kisha akaenda kuzima redio. "Anauliza kama kule kumeshuka."

"Kumeshuka, baba," Candida alijibu, uso ukimwaka moto, ingawa alikuwa peke yake chumbani.

Simu ikafoka tena. Mzee akakohoa.

"Anauliza pande zote mbili?"

Ukweli ni kwamba maziwa yalishuka, tena mengi, lakini Victoria mdogo hakuweza kuyapata. Alikuwa akikamata ncha tu ya chuchu na kuibana kwa fizi, na Candida akawa ananyonyesha huku ameuma kanga, machozi yanamtoka kimyakimya ili mzee asisikie. Chuchu zilichanika. Mtoto alinyonya kidogo, akaachia, akalia, akarudishwa, akalia zaidi. Matiti yakajaa yakawa magumu, na kila mtoto alipoamka Candida alishtuka kama aliyesikia mwizi.

Alimwambia Gaudens. Alimwambia kwa simu, kwa sababu uso kwa uso hawakuonana mchana. Gaudens alimsikiliza, akasema atalishughulikia, na baada ya muda dereva wa bodaboda alipanda ngazi na mashine ya kukamulia maziwa. Candida alipolalamika kwamba mashine inamuumiza, kikaja kopo la maziwa ya unga na chupa zake. Alipolalamika joto, ikaja feni kubwa. Kila tatizo alilomweleza mume wake lilimrudia ndani ya mfuko, limelipiwa, likiletwa na mtu asiyemjua. Aliviangalia vile vitu vimepangwa ukutani akawaza kwamba akisema anataka mume, Gaudens atamtumia mtu.

Na wageni. Wanawake wa jumuiya ya kanisani walikuja kwa zamu na vitenge na sabuni, wakakaa, wakanywa soda alizozitoa Mzee Tarsis, wakampongeza mzee kwa moyo wake, kisha mmoja mmoja wakaingia nyuma ya pazia kutoa ushauri. Mmoja alisema maziwa yake ni mepesi. Mwingine alisema chuchu zake ni fupi, ukoo wa mama yake wote wako hivyo. Wa tatu alisema mtoto analia kiu, joto lote hili hata mtu mzima anakunywa maji. Hakuna aliyefua hata nepi moja. Walipoondoka, Candida alijikuta amechoka kuliko alivyokuwa kabla hawajaja.

Mzee Tarsis alilishika lile la maji. Alilisema kwa adabu, mara ya kwanza, upande wake wa pazia. Candida akamjibu kwa adabu kwamba hospitali wamekataza mtoto asipewe chochote zaidi ya maziwa ya mama mpaka afikishe miezi sita. Mzee akasema hao wa hospitali wana viyoyozi. Akalirudia jioni, na kesho yake.

Wakati huohuo mzee alikuwa ameshagombana na jirani. Alikataa katakata kupika mtori kwa gesi, alisema gesi ina haraka. Akaliweka lile jiko lake la mkaa kwenye korido, na moshi ukaenda moja kwa moja kwa jirani wa mlango wa pili, Badria, mwanamke wa makamo aliyekuwa akiuza madera kwa jumla na kuyahifadhi nyumbani kwake, chumba kizima kimejaa mpaka dari. Badria alitoka mtandio begani akamwambia mzee kwamba wateja wake wa Comoro hawanunui madera yanayonuka nyama choma. Mzee akamjibu kwamba anachopika ni mtori, na pale kuna mzazi. Badria akasema mzazi anamjua, ila mzee mwenyewe hamjui. Tangu hapo kila jiko lilipowashwa, mlango wa Badria ulifungwa kwa kishindo, na kila ulipobamizwa Victoria aliamka, na Candida chumbani akawa anawalaani wote wawili kimoyomoyo.

Siku mambo yalipoharibika ilikuwa Jumamosi. Kariakoo ilikuwa imepandwa na kichaa. Chini barabarani vipaza sauti vya wamachinga vilikuwa vikirudia neno moja bila kupumua, wabeba mizigo wanapiga mluzi watu wapishe, mikokoteni imekwama katikati ya magari. Candida aliamka na baridi inamtetemesha katika joto lile. Titi la kulia lilikuwa limevimba upande mmoja, linang'aa, la moto, ukiligusa unaona nyota. Alimnyonyesha mtoto upande wa kushoto akashindwa kuvumilia, akamlaza pembeni yake, akajifunika shuka, usingizi ukamchukua kama mtu aliyezirai.

Alipoamka mtoto hakuwa kitandani.

Alitoka nje ya pazia bila hata kujitanda. Mzee Tarsis alikuwa kwenye kochi, amempakata Victoria kwa uangalifu mkubwa, mkononi ana kijiko cha chai, na kwenye stuli kikombe cha maji.

"Alikuwa analia, mama, nikasema nisikuamshe," mzee alianza.

"Umempa?"

"Bado. Nilikuwa naangalia kama yamepoa."

Candida alimchukua mtoto. Hakumpokonya, lakini hakumpokea kwa adabu pia. Akasema, kwa sauti ambayo hakujua kama anayo, kwamba mtoto huyu ana mama, na mama huyo ameshasema hapana, tena mara nyingi, na kama hapana yake haitoshi katika nyumba hii basi wamwambie aende wapi. Kisha akaona giza, akashika ukuta.

Mzee Tarsis alinyanyuka. Hakuwa amewahi kujibiwa hivyo na mkwe, na uso wake ulionyesha. Lakini alimtazama tena, akaona jinsi midomo inavyomtetemeka, akaona kanga ya kifuani ilivyolowa. Akageuka upande. Akamwambia akae chini, akatoka, na Candida akamsikia anagonga mlango wa pili kwa kiganja, si kwa kishindo, akisema kwa sauti ya chini maneno ambayo hakuyasikia yote. Alichosikia ni neno naomba.

Badria aliingia na harufu ya udi. Hakusalimia mtu. Alimwingiza Candida chumbani, akamfungua kanga, akaangalia, akagusa kwa mgongo wa mkono, akavuta pumzi kwa meno. Candida alikuwa amesikia kwamba wanawake wa pwani wanajua kukanda, akadhani sasa atakandwa na maji ya moto mpaka apige yowe. Badria alisema hapana, kukanda kwake ni kwa mzazi mwenye afya, hili limeshakuwa la hospitali na waende sasa hivi. Alimsaidia kuvaa dera, moja jipya kutoka stoo kwake, pana, la kufungua kifuani. Yeye mwenyewe asingeweza kwenda, wateja walikuwa njiani. Alipotoka akamwambia Mzee Tarsis kwamba asipomfikisha huyu mtoto wa watu salama, jiko lake atalitupa dirishani.

Walishuka ngazi, mzee akitangulia na mtoto, kila baada ya ngazi chache anasimama kumsubiri. Njiani Candida alimpigia Gaudens. Simu ilikuwa inatumika. Akapiga tena ikawa inatumika. Bajaji ikawapitisha vichochoroni mpaka kituo cha afya.

Kwenye benchi la akina mama Mzee Tarsis alikuwa mwanamume peke yake, na koti la kanisani juu. Alikaa wima na mjukuu wake kifuani kana kwamba amepangiwa nafasi ile na serikali. Mwanamke mmoja alimwambia wanaume wanasubiri nje. Akajibu kwamba hasubiri, ameleta mgonjwa. Nesi wa zamu, mwanamke mnene mwenye macho ya usingizi aitwaye Kuruthumu, alipofika kwao alimpima Candida joto, akatikisa kichwa, akauliza mama yake yuko wapi, maana mzazi wa upasuaji haachwi peke yake.

Candida akafungua mdomo kueleza habari yote, ya marehemu mama yake na ya hogo na ya Rombo, lakini mzee alimtangulia.

"Mama yake ni mimi," alisema.

Benchi zima lilicheka. Mzee hakucheka. Nesi Kuruthumu akasema haya, mama, subiri hapa, akamwingiza Candida ndani.

Kule ndani Candida alipewa kiti chenye mgongo, mto ukawekwa mapajani, na Nesi Kuruthumu akamgeuza Victoria tumbo kwa tumbo na mama yake. Alimwonyesha asikimbilie kumtia chuchu mdomoni, asubiri mtoto apanue mdomo kama anayepiga miayo, ndipo amsogeze mtoto kwenye titi, si titi kwa mtoto, mpaka ashike na ile sehemu nyeusi. Mara ya kwanza Victoria alibana kama kawaida. Nesi akamtoa kwa kidole, akasema tena. Mara ya pili hivyohivyo. Mara ya tatu kidevu kikazama, mashavu yakajaa, na Candida akangoja maumivu yaje. Yalikuja kidogo yakapita. Akasikia mtoto anameza. Akatazama chini kuhakikisha ni mtoto wake.

Daktari aliandika dawa. Nesi akaeleza kwamba titi lililovimba lisiachwe, linyonywe hilohilo, na baada ya kunyonyesha aweke kitambaa cha maji baridi. Kisha akamwita mzee mlangoni, akamwambia mambo mawili. La kwanza, maji mtoto hapewi, hata joto liwe la namna gani, na mzee akainamisha kichwa bila kusema kuhusu viyoyozi. La pili, huyu mama alale. Nesi akauliza nani anafua. Mzee akasema ni yeye. Nani anapika? Yeye. Nani anamshika mtoto mama akilala? Yeye, sauti ikilegea kidogo kwenye neno hilo.

"Na baba wa mtoto yuko wapi?" Nesi Kuruthumu aliuliza.

Mzee Tarsis alitazama ukutani palipobandikwa picha ya mama anayenyonyesha, akaiacha haraka, akatazama sakafu.

Wakapanda bajaji kurudi. Walipokaribia nyumbani mzee akamwambia dereva apitie mtaa wa pili, asimame pale penye masufuria. Candida akamwomba waende tu nyumbani wakapumzike. Mzee akasema ni dakika tu, akashuka.

Duka la Gaudens lilikuwa limejaa watu mpaka nje. Candida aliyaona yote kutoka kwenye bajaji. Alimwona mzee akipenya kati ya mabeseni, akizunguka kaunta, akisimama pembeni ya mwanawe aliyekuwa na simu sikio la kushoto na nyingine mkononi. Alimwona Gaudens akishtuka, akisema kitu, akionyesha wateja. Kisha akamwona mzee akivuta kiti cha Gaudens, akikikalia, akivua koti hatimaye na kulitundika kwenye msumari.

Wakatoka wote mpaka mlangoni wakibishana, na hapo aliwasikia.

"Baba, huu ndio msimu. Hivi vitu navifanya kwa ajili yao."

"Sawa. Nitavifanya mimi. Sufuria ni sufuria, bei si umeziandika?"

"Hujui wateja wangu."

"Wewe hujui mtoto wako. Mimi nimetoka Rombo kuja kufua nepi za binti yako, sijakataa, lakini leo nesi ameniuliza uko wapi nikaona aibu mbele ya wanawake. Panda hapo."

Mbeba mizigo mmoja akaweka chini katoni lake ili asikilize vizuri. Gaudens alisimama kidogo kama anayetafuta pa kushika, kisha akamwona mke wake ndani ya bajaji, dera la Badria limemmeza, uso umesinyaa, mtoto amelala kifuani. Akapanda.

Mtu angependa kusema tangu hapo mambo yakawa mteremko. Hayakuwa. Gaudens nyumbani alikuwa mzigo kuliko baba yake. Alifua nepi akaziacha na sabuni, mtoto akatokwa na vipele. Aliuliza kila kitu: kitambaa gani, beseni lipi, maji ya moto kiasi gani, sasa analia nini. Simu alipewa amri aizime, akaizima, kisha akawa anaingia chooni na kukaa muda mrefu kupita kiasi, na Candida akamsikia akinong'ona habari za Tabora. Siku aliyojaribu kupika mtori aliukausha mpaka sufuria ikatoboka, na yeye ndiye muuza sufuria. Candida alikuwa akikasirika hata akimwona anavyopumua. Alimwambia hivyo. Gaudens alikaa ukingoni mwa kitanda akasema kweli hakujua ni kazi namna hii. Candida akamwuliza alidhani ni nini. Kesho yake nepi zilisuuzwa.

Badria naye alikuja homa ilipotulia, asubuhi kabla hajaenda sokoni, akamkanda mgongo na miguu kwa maji ya vuguvugu, tumbo akaliacha kwa sababu ya mshono, na akaleta uji wa pilipili manga. Alikuja na masharti pia. Candida asitoke nje mpaka arobaini, asioge maji baridi, asikae kwenye feni. Candida alimwambia dada yangu, feni sizimi. Badria akanuna siku moja, akarudi. Baina yake na mzee ugomvi wa jiko haukwisha, ulihamia tu saa za jioni, mzee akitoka dukani.

Dukani kwenyewe ilikuwa vioja. Mzee Tarsis aliwauliza wateja wametoka wapi na wameacha nani nyumbani. Mwanamume mmoja wa Kigoma aliyetaja kwamba mke wake amejifungua juzi alinyimwa mzigo mpaka apige simu nyumbani mbele yake. Wengine walicheka, wengine wakaenda duka la jirani. Gaudens alipozipata habari hizo alishika kichwa, akataka kushuka. Candida, ambaye wakati huo alikuwa akinyonyesha, alimtazama tu. Akakaa.

Uvimbe ulipungua, chuchu zikapona polepole. Zilikuwapo siku ambazo Victoria alisahau kila alichofundishwa, akabana, na Candida akapiga kelele na kumtoa na kuanza upya. Lakini walipompeleka kliniki uzito ulikuwa umepanda, na Nesi Kuruthumu akamsalimia Gaudens kwa kumwambia ahaa, kumbe upo. Kopo la maziwa ya unga lilibaki juu ya kabati halijafunguliwa. Candida hakulitupa, alisema likihitajika litafunguliwa na hatamwomba mtu ruhusa.

Mchana mmoja, wiki ya mwisho kabla mzee hajarudi kwa mkewe, Candida alimaliza kunyonyesha titi la pili. Chini barabarani kulikuwa na kelele zilezile. Gaudens aliingia kutoka kuanika, mikono imekunjika kwa maji, akajitupa kitandani pembeni yake na kuvuta pumzi ndefu ya mtu aliyeonewa.

"Candida," alisema, "mimi nimechoka. Mgongo wote. Hata usingizi wenyewe sasa hauji."

Candida aligeuka akamwangalia kuanzia nywele mpaka miguu. Maneno yalimjaa mdomoni, mengi, mengine ya haki na mengine si ya haki, na alipoyapima yote aliona hakuna hata moja ambalo ana nguvu za kulisema. Akamnyanyua Victoria, akamlaza kifuani mwa baba yake, akamwekea kitambaa begani.

"Hajacheua," alisema.

Akageukia ukutani, akavuta shuka, na kabla Gaudens hajapata jibu alikuwa ameshalala.